Kisichoitwa na Kingine: Juu ya Kufuta Vipengele Visivyotumika katika Michoro ya Kompyuta

Kitu ambacho hakitumiwi na chochote kina haki gani ya kuendelea kuwapo? Swali hili, ambalo zamani liliulizwa juu ya maumbo ya milele, juu ya mti usiozaa na juu ya roho za wafu, leo huulizwa kila siku na programu zinazotumiwa na wahandisi, wasanifu majengo na wachora ramani, na hujibiwa kwa haraka kiasi kwamba aliyeliuliza hapati hata nafasi ya kutambua kwamba ameuliza. Mhandisi wa Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika mashariki mwa Kongo, anayefungua faili la mchoro wa ghati au wa ghala la kando ya ziwa, akaliona zito, kisha akaiamuru programu iondoe kila kisichotumika, huwa ametoa hukumu ya kuwapo na kutokuwapo juu ya mamia ya vitu bila kuvitazama kimoja kimoja. Makala haya yanachunguza msingi wa hukumu hiyo kwa kuipima na falsafa ya kale, na fikra za Kiafrika, na mafundisho ya dini, na yanadai kwamba kutotumika ni habari ya uhusiano wa kitu na vingine ndani ya mpaka fulani, wala hakuelezi thamani ya kitu chenyewe; kwa sababu hiyo anayefuta hutenda kama mtu aliyekabidhiwa amana, hata pale ambapo faili ni lake.

Mashine inavyotambua kisichotumika

Ni lazima kwanza kueleza jinsi faili la mchoro lilivyojengwa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha programu iliyoitwa Sketchpad, ambayo ndani yake umbo liliweza kuchorwa mara moja likawa kiolezo, kisha likaitwa mara nyingi kadiri mchoraji alivyohitaji, na badiliko lolote lililofanywa kwenye kiolezo lilijitokeza katika nakala zake zote. Wazo hilo limerithiwa na programu zilizofuata, zikiwamo AutoCAD, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1982, na Revit, ambayo badala ya mistari mitupu huunda modeli ya jengo zima. Faili la programu za namna hii kwa hiyo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ghala la violezo, yaani fasili zenye majina za milango, nguzo, aina za mistari, mitindo ya maandishi, vifaa vya ujenzi na matabaka, tabaka likiwa ni mgawanyo unaomwezesha mchoraji kuweka kuta peke yake, mabomba peke yake na nyaya za umeme peke yake. Ya pili ni mchoro wenyewe, ambamo nakala za violezo hivyo zimepangwa mahali pake, kila nakala ikiwa imefungamanishwa na kiolezo chake kwa kiungo ambacho hapa kitaitwa rejeo.

Ghala hilo hujaa kwa njia za kawaida kabisa. Mchora ramani anaponakili dirisha moja kutoka faili la zamani, huja nalo tabaka lake, mtindo wake wa maandishi na vifaa vyake. Anapobadili nia na kuliondoa, nakala hutoweka lakini kiolezo hubaki. Na faili linapopita mikononi mwa msanifu, mhandisi, fundi umeme na mkandarasi, kila mmoja huacha masalia yake ndani yake. Amri ya kusafisha hupitia ghala lote na kuuliza, juu ya kila kiolezo, kama ndani ya faili kuna chochote kinachokirejea, na kisiporejewa huhesabiwa kuwa hakitumiki na huwekwa tayari kufutwa. Kwa kuwa kiolezo kimoja huweza kuwamo ndani ya kingine, kama kitasa kilivyomo ndani ya mlango, kitasa hakihesabiwi kuwa hakitumiki mpaka mlango wenyewe uwe umeondolewa, na ndiyo sababu kazi hiyo mara nyingi hurudiwa hadi programu isipate tena la kuondoa.

Katika utaratibu huu yapo mambo mawili yanayostahili kuzingatiwa kabla ya kuendelea. La kwanza ni kwamba baadhi ya vitu havifutiki hata visipotumika: katika AutoCAD tabaka liitwalo sifuri haliwezi kuondolewa, kwa maana kila faili huzaliwa nalo na kulitegemea. La pili ni kwamba kurejewa peke yake si dalili ya kutosha ya uhai. Mwaka 1960 John McCarthy, mwasisi wa lugha ya kompyuta ya Lisp, alieleza njia ya kusafisha kumbukumbu ya mashine inayoanzia kwenye mzizi wa programu, ikafuata kila rejeo, na kukihesabu kuwa hai kile tu kinachofikika kutoka mzizini; na mwaka huohuo George Collins alieleza njia nyingine, ya kuhesabu marejeo ya kila kitu na kukiondoa pindi hesabu inapofika sifuri. Njia hii ya pili ina udhaifu unaojulikana, kwamba vitu viwili vinavyorejeana vyenyewe kwa vyenyewe, bila kufungamana na kingine chochote, havifiki sifuri kamwe, kama vile ofisi iliyopo ili kuihudumia kamati, na kamati iliyopo ili kuisimamia ofisi hiyo. Kumbe hata katika elimu ya mashine, ili ijulikane kama kitu kinatumika, ni lazima kwanza ijulikane kinatumika kwa ajili ya nini, na jibu la swali hilo la mwisho hutolewa na binadamu, si na mashine.

Kiolezo kisicho na nakala

Je, kiolezo ambacho hakina nakala hata moja kipo kwa maana kamili ya kuwapo? Plato, aliyefundisha mjini Athens katika karne ya 4 kabla ya Kristo, angejibu kwamba kipo, na kwamba kipo kwa ukamilifu kuliko nakala zake, kwa kuwa kwake umbo la kitu halitegemei vitu vya dunia vinavyoliiga. Hata kitanda cha mwisho kikiteketea, umbo la kitanda halipungukiwi na lolote. Aristotle, mwanafunzi wake, aliukataa utengano huo, akashikilia kwamba umbo huishi ndani ya vitu vyenyewe, na kwamba pasipokuwa na vitu vya msingi, yaani mtu huyu au farasi yule, hakuna kingine kinachoweza kuwapo. Amri ya kusafisha inafuata mantiki ya Aristotle, kwa maana hukihesabu kiolezo kuwa na haki ya kubaki pale tu kilipo na angalau nakala moja inayokibeba mchoroni.

Hata hivyo Aristotle huyohuyo alitofautisha kuwapo kwa uwezo na kuwapo kwa utendaji: mbegu haijawa mti, lakini haiwi sawa na jiwe, kwa kuwa ndani yake kuna uwezo ambao jiwe halina. Kiolezo cha nguzo ambacho hakijawekwa popote, lakini ambacho mhandisi alikipima na kukikokotolea uzito kitakaobeba, kinahesabika kuwa nguzo kwa uwezo, na anayekifuta hafuti utupu, bali hufunga njia moja ambayo jengo lingeweza kupitia baadaye. Programu haiwezi kutofautisha kati ya kiolezo cha namna hiyo na kiolezo kilichoingia kwa bahati mbaya pamoja na dirisha lililonakiliwa, kwa kuwa vyote viwili vina marejeo sifuri, na tofauti yao imo katika nia ya aliyeviweka, ambayo haikuandikwa ndani ya faili.

Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037 na ambaye fikra zake ziliwafikia wanazuoni wa Kiislamu na wa Kikristo pia, anaongeza hoja nyingine. Alivigawa vilivyopo katika makundi mawili: kile ambacho kuwapo kwake ni wajibu, kisichohitaji sababu yoyote nje ya dhati yake, na vile ambavyo kuwapo kwake kunawezekana tu, ambavyo huhitaji sababu ya kuanza na sababu ya kuendelea. Kwa kipimo hicho kila kiolezo kimo katika kundi la pili, kikishikiliwa na rejeo lililo nje yake, na tabaka sifuri ndilo linaloiga, ndani ya ulimwengu mdogo wa faili, nafasi ya kile kilicho wajibu. Mwigo huo una kikomo chake, kwa kuwa tabaka hilo nalo liliwekwa na waundaji wa programu, na hapo ndipo Ibn Sina angesisitiza kwamba mfululizo wa vitu vinavyotegemeana hauwezi kujieleza wenyewe, ila kwa kukifikia kitu kisichotegemea.

Kuwapo kama uhusiano

Fikra kwamba kitu huwa hai kwa sababu ya vingine vinavyokiita si ngeni katika nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika. Stefano Kaoze, mzaliwa wa eneo la Kirungu kusini mwa Kalemie, aliyepadirishwa mwaka 1917 akawa padri wa kwanza Mkatoliki wa Kongo katika zama za kisasa, alianza kuchapisha maandishi juu ya saikolojia ya Wabantu mnamo mwaka 1910, miaka 35 kabla ya Placide Tempels, mmisionari Mfransiskani kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi Katanga, kutoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Tempels alidai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba kila nguvu huathiri nyingine na kuathiriwa nayo, kiasi kwamba kiumbe kilichotengwa na vyote hakifikiriki. Wanafalsafa wa baadaye, miongoni mwao Paulin Hountondji wa Benin, walimkosoa kwa kuwabebesha watu wengi mno falsafa moja ambayo hakuna aliyeitamka, na lawama hiyo ina uzito. Lakini hoja yenyewe ya uhusiano, ikitenganishwa na madai kwamba ni mali ya kabila au rangi fulani, inabaki kuwa hoja ya kufikiriwa kwa nguvu zake yenyewe.

Aliyeikaribia zaidi mantiki ya marejeo, pasipo kufikiria kompyuta, ni John Mbiti wa Kenya katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, ambamo aliyatumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kuwa istilahi za falsafa ya wakati. Kwa maelezo yake marehemu huendelea kukaa ndani ya sasa maadamu yupo angalau mtu mmoja aliye hai anayemkumbuka kwa jina, na anapofariki wa mwisho kumkumbuka, marehemu huyo huzama katika zamani, asitajwe tena miongoni mwa walio hai. Ulinganifu na kiolezo kilichopoteza rejeo lake la mwisho uko wazi, ila kuna tofauti yenye maana kubwa: kwa Mbiti anayepoteza kumbukumbu ya walio hai hafutwi, bali huhamia katika hali nyingine, akajiunga na jamii ya roho zisizo na majina. Kukosa rejeo huko ni mpito, wakati katika faili lililokwisha kuhifadhiwa na kufungwa ni mwisho.

Dini zilizokita mizizi Kalemie huenda mbele zaidi. Ukristo wa mwambao huu ulianzia katika kituo cha Mpala, kilichokabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na Uislamu ulivuka ziwa pamoja na misafara ya Ujiji iliyotia nanga Mtowa, kaskazini kidogo ya mahali mji ulipo leo. Kila tarehe 2 Novemba Wakatoliki huwaombea marehemu wote, wakiwamo wale ambao hakuna aliye hai awezaye kuwataja, kwa imani kwamba kumbukumbu ya Mungu haina sifuri. Na Uislamu nao hufundisha kwamba hakuna kilicho kidogo mno kisifikiwe na ujuzi wa Mwenyezi Mungu. Kwa mwenye imani, basi, hesabu yoyote ya marejeo inayofanywa na kiumbe ni hesabu pungufu, kwa sababu lipo rejeo moja ambalo haioni. Asiye na imani anaweza kuikubali nusu ya fundisho hilo: kwamba anayehesabu huhesabu daima kutoka mahali fulani, na kwamba asichokiona kutoka hapo hakilazimiki kuwa hakipo.

Mpaka wa faili

Kalemie yenyewe inatoa mifano miwili inayoonyesha jinsi hukumu ya kutotumika inavyobadilika mpaka unapobadilika. Reli kutoka mji wa Kabalo iliufikia mji huu, ulioitwa Albertville wakati huo, mwaka 1915, ikiwa na upana wa mita moja kati ya pau zake, sawasawa na reli ya kati ya ng'ambo ya ziwa iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1950 reli ya upande wa Kongo ilipanuliwa kuwa milimita 1,067 ili iungane na mtandao wa Katanga, na kwa hiyo bandari za Kalemie na Kigoma, ambazo hupokezana shehena kwa meli, zikabaki na vipimo viwili vya reli. Mchora ramani wa ghati la Kalemie anayekikuta katika faili kiolezo cha reli ya mita moja kisichowekwa popote ana sababu nzuri ya kukihesabu kuwa mzigo. Lakini mradi huohuo ukipanuliwa uhusu safari nzima ya shehena, kutoka Kabalo hadi Dar es Salaam, kiolezo kilekile huwa cha lazima, wakati ndani yake chenyewe hakuna kilichobadilika.

Mfano wa pili ni wa maji. Mto Lukuga, unaotoka ziwani hapo Kalemie, ndio njia pekee ya kutokea maji ya Ziwa Tanganyika, na wasafiri Verney Lovett Cameron mwaka 1874 na Henry Morton Stanley mwaka 1876 waliukuta mlango wake umezibwa kwa mchanga na mimea. Ziwa liliendelea kupanda hadi likakivunja kizuizi hicho mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha likashuka kwa mita kadhaa. Likapanda tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 2020 likavamia nyumba na barabara za Kalemie, Uvira na Bujumbura. Tabaka la kiwango cha juu cha maji, lililowekwa katika faili na mpimaji mwenye kumbukumbu ndefu, linaweza kukaa miaka 30 bila kuitwa na mstari wowote, kwa kuwa majengo yote yamechorwa kwa kiwango cha miaka ya ukavu, na programu italiorodhesha miongoni mwa visivyotumika bila kukosea hata kidogo katika hesabu yake, ingawa anayelifuta atakuwa amekosea juu ya ziwa.

Kosa la namna hiyo lina ndugu yake wa upande wa pili. Mstari uliochorwa juu ya mstari mwingine ukaufunika wote, nakala ya nguzo iliyoachwa mbali nje ya eneo la karatasi, na samani zilizowekwa kwenye tabaka lililozimwa tangu rasimu ya kwanza, vyote huhesabiwa na amri ya kusafisha kuwa vinatumika, kwa kuwa vimo mchoroni na vinarejea violezo vyao, ingawa hakuna fundi atakayejenga kwa kuvifuata. Mashine kwa hiyo huweza kukiita bure kilicho na faida, na kukiacha kilicho bure kwa kudhani kina faida. Rejeo ni alama inayosaidia kuikisia thamani, na alama hiyo hufanya kazi vizuri mara nyingi, lakini anayeichukua kuwa ndiyo thamani yenyewe huwa ameacha kufikiri.

Hoja ya wakati

Mahali pengine ambapo hukumu hii hupotoka ni katika wakati. Injili ya Luka, katika sura ya 13, ina mfano wa mwenye shamba aliyekuja miaka mitatu kutafuta matunda kwenye mtini wake asipate, akaagiza ukatwe kwa kuwa unaichosha ardhi bure, na mtunza shamba akamsihi aungoje mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutia mbolea. Hoja ya mwenye shamba ni ya nafasi, kwamba kisichozaa kinakikalia kiwanja cha kinachoweza kuzaa. Hoja ya mtunza shamba ni ya muda, kwamba hesabu ya miaka iliyopita haitoshi kuufunga mwaka ujao. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mtunza shamba hakuomba mti uachwe milele, bali aliomba muda wenye kikomo pamoja na kazi, na alikubali kwamba baada ya muda huo ukatwe. Huruma yake ina masharti na ina tarehe.

Historia ya ziwa ina kisa kinacholingana na mfano huo. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na wenyewe mwezi Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka upande wa Kongo yalipoikaribia Kigoma. Walioizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuiachia maji, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo bado inafaa, hata ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Miaka 70 baadaye, mwaka 1997, meli hiyo ilitumiwa kuwarudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Ilipokuwa chini ya maji hakukuwa na safari wala shehena wala nahodha aliyeihitaji meli ile. Kilichokuwapo ni uamuzi wa mafundi wachache waliotofautisha kukiweka kitu kando na kukiharibu.

Programu ya Blender, inayotumiwa kuunda modeli za pande tatu, imeuingiza uamuzi wa namna hiyo katika utaratibu wake. Ndani yake kitu kisichokuwa na mtumiaji hakihifadhiwi faili linapofungwa, isipokuwa kama mwenye faili amekiwekea mtumiaji wa kubuni, yaani alama inayohesabiwa kuwa rejeo ingawa hakuna kitu halisi kinachokirejea. Sheria ya Kiislamu ilikuwa na chombo kinachofanana na hicho karne nyingi kabla ya kompyuta, nacho ni wakfu, ambao kwao mali hufungwa isiuzwe wala isirithiwe, kwa ajili ya manufaa ya watu ambao baadhi yao hawajazaliwa. Katika mambo haya mawili mtu aliye hai hukubali kusimama badala ya mtumiaji ajaye, na kwa kufanya hivyo hukipa kitu haki ambayo hesabu ya siku hiyo isingekipa.

Dhambi ya kutofuta

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba usalama umo katika kutofuta chochote. William wa Ockham, aliyefariki mwaka 1347, anahusishwa na kanuni kwamba vitu visizidishwe pasipo lazima, na ingawa kanuni hiyo inahusu maelezo tunayoyatoa juu ya ulimwengu, wala haimpi mtu ruhusa ya kuharibu vilivyokwisha kuwekwa na wengine, roho yake inafaa: kila kisicho cha lazima hutoza gharama. Faili lililojaa violezo vya miradi mitano iliyopita huchelewa kufunguka, hukwama kwenye kompyuta ya umri mkubwa, na katika mji ambako bando la intaneti hununuliwa kwa megabaiti na umeme haupatikani saa zote, kulituma kwa mkaguzi aliyeko Lubumbashi au Kinshasa huwa ni matumizi ya fedha za mtu mwingine. Tena orodha ya matabaka 400 ambayo 30 tu ndiyo yanatumika humpotosha mhandisi kijana, akaweka nguzo kwenye tabaka lisilo lake, na kosa likafika kwenye zege.

Mtu anayehifadhi kila kitu mara nyingi hujiona mwangalifu, kumbe amekwepa kazi ya kuhukumu na kumwachia atakayemfuata, ambaye atakuwa na habari chache kuliko yeye. Uislamu unaukataza ubadhirifu, na si vigumu kuona kwamba kumlazimisha mwingine abebe visivyohitajika ni ubadhirifu wa muda na nguvu zake. Injili ya Yohana nayo, katika sura ya 6, inasimulia kwamba baada ya umati kula na kushiba, wanafunzi waliagizwa wavikusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu, navyo vikajaza vikapu 12. Vipande havikuachwa vimetapakaa nyasini, wala havikutupwa. Vilikusanywa, vikahesabiwa, vikawekwa pahali pake.

Kutokana na hayo wajibu wa anayesafisha faili unaweza kuelezwa kwa uwazi. Kabla ya kutoa amri anapaswa kujua mpaka wa hukumu yake, yaani kama faili hilo limesimama peke yake au linategemewa na mafaili mengine ambayo programu haiyaoni. Anapaswa kumwuliza aliyekiweka kipengele, kama anapatikana, kwa kuwa nia haimo katika hesabu ya marejeo. Anapaswa kuhifadhi faili la akiba lenye kila kitu, kwa maana faili likishahifadhiwa na kufungwa hakuna amri ya kurudisha kilichofutwa, kisha asafishe nakala inayotumwa na kufanyiwa kazi. Anapaswa, mwisho, kuacha maandishi mafupi yanayoeleza kilichoondolewa na sababu yake, ili atakayekuja baada yake aweze kuihoji hukumu. Masharti haya manne hayachukui muda mrefu, na ndiyo yanayomtofautisha anayetunza na anayefagia tu.

Vitu na watu

Limebaki swali ambalo limekuwa likinyemelea hoja yote tangu mwanzo, nalo ni kama kipimo hiki kinaweza kuvuka kutoka vitu kwenda kwa watu. Immanuel Kant, katika maandishi yake ya mwaka 1785 juu ya msingi wa maadili, alitofautisha chenye bei, ambacho kinaweza kubadilishwa na kingine kilicho sawa nacho, na chenye hadhi, ambacho hakina badala. Kiolezo cha mlango kina bei, na kikifutwa kwa makosa huweza kuchorwa upya. Mtu hana badala, kwa hiyo hesabu ya wangapi wanamhitaji leo haiwezi kuwa msingi wa haki yake ya kuwapo.

Kalemie inajua hatari ya kuisahau tofauti hiyo. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilichoanzishwa enzi za ukoloni na kikawahi kuwa miongoni mwa waajiri wakubwa wa mji, kilifungwa, na baada ya kufungwa kwake kulikuwa na mashine ambazo kazi iliacha kuziita na watu ambao orodha ya mishahara iliacha kuwataja. Juu ya mashine inafaa kuuliza kama zitengenezwe, ziuzwe au ziyeyushwe, kwa kuwa swali la matumizi ndilo swali lote linalozihusu. Juu ya mfumaji aliyezeeka, mfanyakazi mstaafu wa reli, au familia iliyokimbia vita vijijini ikaja mjini isiyo na kazi wala jina katika daftari lolote, swali hilo halina mahali, na jamii inayoliuliza huwa imeigeuza akili ya faili kuwa sheria ya watu.

Hukumu ya makala haya basi ni kwamba kufuta visivyotumika ni halali na mara nyingine ni wajibu, mradi anayefuta ajue amehesabu kutoka wapi, awe ameacha njia ya kurudisha, na asikiite kisicho na thamani kile ambacho hakukiona kikiitwa. Wahandisi na wachora ramani wanaofundishwa katika vyuo vya Kongo na vya Afrika Mashariki kwa jumla hufundishwa pia amri ya kusafisha katika somo la programu za kuchora; walimu wao wangefanya vema kuongeza katika somo hilo masharti manne yaliyotajwa, na kuwaambia wanafunzi wazi kwamba amri hiyo ni ya michoro tu.